Moto ulio chini ya udongo wetu: utampikia nani?



Juma hili tunazungumza juu ya umeme. Umeme wa mto tunaujua, kwa sababu ya Piana Mwanga. Umeme wa jua tunaujua pia. Kuna wa tatu ambao wengi wetu hatujausikia: umeme unaotoka katika maji ya moto yanayobubujika toka ndani ya ardhi. Wataalamu wanauita umeme wa jotoardhi, maana yake joto la ardhi.

Tumechagua habari hii kwa sababu kila siku tunalia juu ya mambo matatu: makala bei yake inapanda, mama anazaa usiku kwa taa ya simu, na watoto wanasoma kwa moshi wa kibatari. Yeyote atakayekuja kusema kwamba analeta umeme, sisi wamama tutamsikiliza kwa masikio mawili. Basi ni vizuri tujue mapema kitu hicho ni nini, kinatafutwa namna gani, na ni maswali gani ya kumuuliza.

KILIANZA KWETU, MWAKA 1952

Watu wengi wakisikia jotoardhi wanafikiri Kenya. Ni kweli, Kenya imeshinda Afrika yote leo. Lakini kituo cha kwanza cha umeme wa jotoardhi katika Afrika kilijengwa hapa Kongo, katika Katanga ya zamani, mahali panapoitwa Kiabukwa, upande wa bonde la Upemba. Ilikuwa mwaka 1952, wakati wa Wabelgiji.

Maji ya Kiabukwa yalitoka ardhini na joto la digrii 91, karibu kuchemka. Mashini yake ilitoa umeme wa kilowati 200 hivi. Ili tuelewe: mota ya mashini ya kusaga mihogo inaweza kula kilowati 10. Basi umeme ule ungetosha kuzungusha mashini 20 zikisaga wakati mmoja. Si mwingi kwa mji mkubwa, lakini kwa kijiji ni baraka.

Mtu atauliza: maji ambayo hayajachemka yanazungushaje mashini? Wanaopika lutuku wanajua jibu hata kama hawakusoma fizika. Pombe inatoa mvuke mbele ya maji. Yenyewe inachemka kwenye digrii 78, maji yanangoja mpaka 100. Fundi anafanya vilevile: anachukua joto la maji ya ardhi, analipitisha kwenye kinywaji kingine kinachochemka upesi, na mvuke wa kile cha pili ndio unasukuma mashini. Maji ya ardhi yenyewe hayachanganyiki nacho.

Na umeme wa Kiabukwa ulikwenda kwa nani? Kwa mgodi. Haukujengwa kwa ajili ya vijiji. Kituo kilifanya kazi miaka michache, kisha kikaachwa. Leo hakuna mtoto anayesoma kwa umeme wa Kiabukwa.

Sisi wa Manono hadithi hiyo haitushangazi. Kituo cha Piana Mwanga kwenye mto Luvua kilijengwa katika miaka ya 1930 kwa ajili ya Géomines na bati yake. Mgodi ulipokuwa na nguvu, mji uling'aa. Mgodi ulipoanguka na vita kuja, taa zilizimika, na wazee wetu wakarudi kwenye kibatari. Umeme uliojengwa kwa ajili ya kitu kimoja tu unakufa siku kitu hicho kinapokufa. Leo, wakati kila mtu anasema lityumu, lityumu, tukumbuke somo hilo.

JOTO LINATOKA WAPI?

Ukichimba chini, ardhi inaongeza joto. Kwa mahali pengi ni digrii 25 mpaka 30 kwa kila kilometa moja. Wachimbaji wa migodi mirefu wanaijua hali hiyo: chini wanatoka jasho hata wakati wa baridi.

Sasa fikiria chungu cha maharagwe chenye kifuniko kizito. Joto linabaki ndani. Kifuniko kikipasuka, mvuke unatafuta ule ufa na kutokea hapo. Upande huu wa Afrika kifuniko cha ardhi kimepasuka. Ufa mkubwa unatoka Ethiopia, unapita Kenya na Tanzania. Na tawi lake la magharibi linashuka toka ziwa Albert, linapita Kivu, linafuata ziwa Tanganyika mpaka chini. Bonde la Upemba linahesabiwa pia kuwa sehemu ya mpasuko huo. Manono iko katikati: Upemba upande wa machweo, Tanganyika upande wa macheo.

Kwa ndugu zetu wa Goma, ufa umefungua milima ya moto. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbia na watoto mgongoni. Kwetu hakuna mlima wa moto. Huku maji ya mvua yanaingia katika nyufa ndefu, yanashuka mbali, yanapata joto, kisha yanapanda tena kama chemchemi ya moto. Hata chini ya ziwa yako. Mwaka 1987 wachunguzi Wafaransa pamoja na wa nchi yetu walizamia kaskazini mwa ziwa Tanganyika, karibu na Pemba na Cap Banza, wakakuta maji yakitoka sakafuni mwa ziwa. Pale Cap Banza joto lilipita digrii 100.

WATAFUTAJI WANAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Siku moja unaweza kuona wageni wenye kofia wanapita shambani na chupa na waya. Si lazima wawe watafuta lityumu. Kutafuta jotoardhi kuna hatua, na kila hatua ina alama yake.

Kwanza wanatembea na kuuliza. Wanataka kujua chemchemi za moto ziko wapi, mahali udongo una moto, mahali panaponuka kama yai bovu. Hapa mwenye elimu ni mwenyeji. Mama anayechota maji kila asubuhi anajua kuliko ramani.

Pili wanachota maji kwa chupa ndogo na kuyapeleka laboratwari. Chumvi na madini yaliyomo yanawaambia joto la chini kabisa lilikuwa kiasi gani kabla maji hayajapanda na kupoa. Ni kama wewe unavyoonja mchuzi na kujua umekaa motoni muda gani.

Tatu wanatandaza waya na kuzika vyombo katika udongo. Vyombo hivyo vinasikiliza namna umeme unavyopita ardhini, au matetemeko madogo ambayo mguu hauyasikii. Mwamba wenye maji ya moto na chumvi unapitisha umeme vizuri kuliko mwamba mkavu. Hakuna uchawi hapo, wala vyombo hivyo havinyonyi mvua. Tunasema hivi kwa sababu uvumi wa namna hiyo umeshaleta magomvi mahali pengi.

Nne wanatoboa mashimo membamba, mafupi, kupima joto linaongezeka namna gani. Na mwisho kabisa, kama dalili zote ni nzuri, wanatoboa kisima kirefu cha kilometa moja mpaka tatu. Kisima kimoja cha namna hiyo kinakula mamilioni ya dola.

Na hata hivyo kinaweza kutoka kitupu. Jirani zetu wa Rwanda walitoboa chini ya mlima Karisimbi mwaka 2013 na 2014. Kisima cha kwanza kilifika karibu kilometa 3. Hawakupata maji ya moto ya kutosha, wakaacha. Haikuwa aibu, kutafuta ni kutafuta. Lakini inatufundisha kitu: mtu akikuja na ahadi ya umeme mwaka ujao, na bado yuko kwenye chupa na waya, usiuze mbuzi kununua friji. Toka hatua ya kwanza mpaka taa kuwaka ni miaka mingi. Kenya walitoboa visima vya kwanza vya Olkaria katika miaka ya 1950, na umeme wa kwanza ukatoka mwaka 1981.

Kuna na somo la Zambia, upande wa kusini wa ziwa hili letu. Mahali panaitwa Kapisya. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Italia, walifunga mashini mbili za kilowati 100 kila moja. Joto lilikuwako, mashini zilikuwako. Waya wa kupeleka umeme kwa watu haukuwako. Mashini zikabaki zimekaa. Basi swali la "umeme utatoka?" halitoshi. Uliza pia: "utafika mlangoni kwa nani?"

KENYA: FAIDA NA MACHOZI

Olkaria iko karibu na ziwa Naivasha. Ilianza na mashini moja ya megawati 15. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za jotoardhi, na karibu nusu ya umeme wa nchi unatoka huko. Uzuri wake ni kwamba hautegemei mvua. Mto ukikauka, joto la ardhi linaendelea usiku na mchana. Na si umeme tu. Shamba la maua karibu na Olkaria limetumia joto hilo katika nyumba za kuoteshea. Huko Menengai, karibu na Nakuru, wamejaribu kulitumia kwa kuchemsha maziwa, kufuga samaki na kufua nguo. Sisi tunaokausha samaki na mihogo tukiomba mvua isinyeshe, hapo tufikiri vizuri: maji ya moto ambayo hayatoshi kuzungusha mashini yanaweza kutosha kukausha mihogo.

Lakini kuna na machozi. Mwaka 2014, ili kupanua Olkaria, vijiji vinne vya Wamasai vilihamishwa. Walijengewa nyumba za matofali kwenye ardhi nyingine. Baadaye watu wengi walilalamika: karatasi za ardhi zilichelewa, barabara ni mbaya, mahali pa kazi na pa kuuzia shanga ni mbali. Walipeleka malalamiko yao mpaka Banki ya Dunia na banki ya Ulaya zilizotoa fedha. Wachunguzi wakaja, na pande zote zikakaa chini kupatana. Tuone mambo mawili: ya kwanza, nyumba mpya haitoshi kama soko na maji viko mbali, na anayetembea huo umbali ni mama. Ya pili, watu wa kijiji walisikilizwa kwa sababu waliandika, wakaendelea kuandika, wakiwa pamoja.

WAMAMA WA KIBIRO

Tunapenda sana habari ya Kibiro, kijiji cha Uganda kando ya ziwa Albert. Huko kuna chemchemi za moto zenye chumvi, na kwa mamia ya miaka wamama ndio wanaotengeneza chumvi pale. Wanatandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu wa chumvi. Jua linavuta chumvi juu. Wanaukwangua udongo, wanauchuja kwa maji katika vyungu, na maji yale wanayachemsha mpaka chumvi ibaki. Viwanja vya chumvi ni mali ya wamama. Mama anamwachia binti yake.

Wataalamu wa Uganda wamechagua Kibiro kuwa moja ya mahali pa kutafuta jotoardhi. Hebu tufikiri wenyewe: kama mpango wa namna hiyo unakuja, na mkutano unaitwa, na wanaoitwa ni wanaume wenye karatasi tu, nani atasema habari ya viwanja vya chumvi? Hapa kwetu hatuna viwanja vya chumvi kama vile. Lakini tuna kisima cha kuchotea, mahali pa kulowekea mihogo, njia ya kwenda shambani, mti wa dawa. Vitu hivyo haviandikwi katika ramani ya kampuni mpaka mtu aviseme. Na anayevijua ni mama.

SHERIA INASEMA NINI?

Wengi tunasema: shamba ni langu, basi na kilicho chini ni changu. Sheria ya migodi ya Kongo, katika kipengele cha 3, inasema kwamba vilivyo chini ya ardhi ni mali ya Serikali, na inataja waziwazi mahali pa jotoardhi pamoja na madini na maji ya chini. Kwa hiyo hakuna mtu wala chefu anayeweza kukuuzia joto la ardhi, na hakuna anayeweza kuliuza kwa jina lako.

Lakini kilicho juu kina ulinzi. Katiba yetu, kipengele cha 34, inasema Serikali inalinda mali ya mtu au ya kikundi iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Desturi! Maana yake shamba ulilopewa na ukoo lina uzito hata bila karatasi. Na kwa upande wa migodi, sheria iliyorekebishwa mwezi wa 3 mwaka 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kuandikiana mkataba na wenyeji juu ya kazi za maendeleo, na kutoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa ajili ya wenyeji. Hesabu hiyo tuijue kwa kichwa kama tunavyojua siku ya likelemba. Umeme kwa materniti na kwa shule ni kazi ya maendeleo. Unaweza kuombwa katika mkataba wa namna hiyo.

MASWALI YA KUULIZA

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatufukuzi mgeni. Tunampa kiti, tunampa maji, kisha tunamuuliza. Kikundi kinaweza kukata karatasi hii na kuyaweka maswali haya:

1. Wewe uko kwenye hatua gani: kuuliza, kuchota maji, kutandaza waya, au kutoboa?
2. Nani amekutuma, na barua ya ruhusa iko wapi? Tunaomba nakala ibaki kwa chefu na kwa kikundi cha wamama.
3. Ukipita shambani na kuharibu mihogo, nani analipa, lini, na fedha zinawekwa mkononi mwa nani? Mwenye kulima ndiye apewe.
4. Maji mnayotoa chini mtayamwaga wapi? Kazi nzuri inayarudisha ardhini kwa kisima kingine, hayapelekwi mtoni.
5. Umeme ukipatikana, materniti, shule na mashini ya kusaga vitapata kabla ya mgodi, pamoja na mgodi, au kisha mgodi?
6. Mgodi ukifungwa, nani atashika ufunguo wa kituo, na vijana gani wa hapa watakuwa wamefundishwa kukitengeneza?

Swali la 6 ndilo Kiabukwa na Piana Mwanga zilitufundisha. Kama hakuna jibu, andikeni katika kitabu cha kikundi kwamba hakuna jibu, na tarehe, na majina ya waliokuwapo. Kitabu hicho ni shahidi.

TUANGALIE WATOTO

Mahali penye chemchemi ya moto panapendeza watoto. Tufundishe haya nyumbani.

Usimwache mtoto acheze ukingoni. Udongo kando ya chemchemi unaweza kuwa mwembamba na kuvunjika. Mtoto akiungua, mvue nguo iliyolowa, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, mpeleke hospitali. Usipake mafuta, chumvi wala dawa ya meno.

Usinywe maji ya chemchemi ya moto kama hayajapimwa. Mara nyingi yana floridi, inayoharibu meno ya mtoto na, ikizidi, mifupa yake. Kuchemsha maji kunaua vijidudu. Floridi haiondoki kwa kuchemsha.

Na kama uko safarini upande wa Goma, kumbuka neno lao: mazuku. Ni hewa nzito isiyoonekana, inayokaa katika mashimo na mabonde madogo, na inaua mtu au mbuzi bila kelele. Mtoto mfupi anaivuta kwanza. Ukiona ndege na wadudu wamekufa mahali pa bonde, rudi nyuma, panda juu.

KAZI YA JUMA HILI

Tunaomba kila kikundi kifanye jambo moja dogo. Waulizeni wamama wazee: ni wapi katika upande wetu, au katika kijiji ulichozaliwa, kuna maji yanayotoka na moto? Yanaitwa jina gani? Nani anayatumia, na kwa kazi gani? Andikeni katika daftari. Watoto wa darasa la sita wanaweza kuandika kwa ajili ya bibi zao. Ni zoezi zuri la kuandika na la kuheshimu wazee. Daftari hilo ndilo mama atalipeleka mkutanoni siku wageni wa chupa na waya watakapofika, au siku mkataba wa mgodi utakapoandikwa.

Vikundi vitakavyomaliza vilete daftari kwenye mkutano wa mwisho wa mwezi. Tutazisoma pamoja.